Kiinua mgongo chenye miguu kumi na sita

Wenzangu wakistaafu hupewa kiinua mgongo. Mmoja ananunua bodaboda mbili, mwingine anafungua duka la saruji na misumari, mwingine anaoa mke wa pili na hela zinaishia hapo. Mimi, baada ya miaka 19 ya usaisi, yaani kutunza farasi, kwenye shamba la mzungu huku Usa River, nilipewa mgongo wenyewe. Tena miwili, pamoja na mikia yake na matumbo yake. Hayo matumbo tutayarudia. Bosi akaniongezea na mbwa wawili, eti wamezoeana na farasi, akapanda ndege KIA akaenda zake kwao. Mimi na mama Neema nasi tulikuwa tumezoeana, lakini tangu wageni hawa waingie tunaonana kwa miadi.

Wiki ya kwanza watu walikuja kushangaa. Huku tunajua ng'ombe, mbuzi na punda. Mzee mmoja alimzunguka Dachesi, mmoja wa farasi wangu, mara tatu, fimbo mgongoni, akauliza, "Huyu anatoa lita ngapi?"

"Hakamuliwi, mzee."

"Basi analiwa."

"Haliwi."

"Analima?"

"Halimi."

Akanishika bega. "Pole sana, mwanangu." Hata juu ya Kapteni, farasi wa pili, hakuuliza tena.

Maji nayo ni msiba. Farasi mmoja anaweza kunywa lita 30 mpaka 50 kwa siku, na bomba letu linatoka siku linapojisikia. Kwa hiyo kabla sijanawa uso nimeshasukuma madumu manne, na Kapteni akiona dumu halikusuuzwa vizuri anaingiza pua, anapuliza, ananiangalia. Kwenye miguu ndio usiseme. Kwato zinatakiwa kusawazishwa kila wiki sita mpaka nane, fundi hayupo, kwa hiyo mimi ndiye nimeinama na tupa, mguu wa farasi uko mapajani mwangu kama mtoto wa kliniki. Mama Neema akanitazama siku hiyo, akatazama visigino vyangu vilivyopasuka kama tope la kiangazi, akaingia ndani bila kusema neno. Afadhali angesema.

Sasa matumbo. Farasi hatapiki. Ndivyo alivyoumbwa: kikishaingia hakirudi, lazima kipite. Akila pumba yenye ukungu au majani yaliyovunda, tumbo linasokota, na msokoto huo unaweza kumuua. Ndiyo maana kila gunia la pumba nalinusa kwanza. Nachota, nanusa, nachota tena chini kabisa, nanusa. Mama Neema akaniuliza, "Baba Neema, chakula changu mimi ulishawahi kukinusa?"

Pamoja na kunusa kote huko, mwezi wa nne Dachesi alishikwa. Saa nne usiku namkuta anaparura chini kwa kwato, anageuka kutazama ubavu wake, anataka kujibwaga. Nikampigia daktari wa mifugo, akasema yuko mbali na mto umejaa, nimtembeze taratibu nimsubiri. "Sikiliza tumbo. Akijamba, nipigie."

Basi nikatoka barabarani. Mvua inanyesha, nimejifunika nailoni jeusi kichwa mpaka magoti, mkononi nimeshika kamba, nyuma yangu kuna mnyama mkubwa kuliko mlango wa kanisa, na nyuma yake mbwa wawili wamefuatana kimya kama wafiwa. Kila hatua ishirini nasimama, naweka sikio kwenye tumbo la Dachesi, namnong'oneza, "Jamba, mama. Jamba kidogo tu."

Karibu na kona ya mashine ya kusaga tukakutana na sungusungu. Walikuwa wanne, wana tochi na marungu. Tochi ikapanda kutoka kwenye mabuti yangu, ikapanda, ikafika kwenye macho ya Dachesi, yakawaka kijani. Sijapata kuona wanaume wazima wakipita kwenye ua wa michongoma bila kutafuta geti.

Saa tisa usiku alijamba. Ndugu zangu, niliimba. Nilimkumbatia shingo, nikalia, nikampigia daktari nikamwambia kwa sauti, "Amejamba! Amejamba!" Asubuhi nikaitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji kueleza nilikuwa nasherehekea nini usiku ule, na na nani.

Mbwa sitawasema sana, nao wana masikio. Walikuja na magodoro yao ya sponji. Ugali na dagaa waliugomea siku tatu, siku ya nne wakala ugali, dagaa na mwiko. Mwizi alipoingia kuiba mkungu wa ndizi walimsindikiza mpaka barabarani, mkia unapepea. Anayebwekewa hapa ni mama mkwe peke yake.

Masika usubi unakuwa mwingi, na kuna ugonjwa wa farasi unaoletwa na hao usubi. Punda anaweza asionyeshe hata dalili, farasi anakufa. Kwa hiyo kabla ya magharibi nawaingiza bandani, nafukiza moshi. Na dirisha la banda nililiwekea neti. Sasa neti ile ilitoka wapi, hilo ndilo swali mama Neema aliniuliza saa sita usiku, huku anajipiga makofi ya mbu.

Bosi hupiga simu Krismasi, ya video. Hajawahi kuniuliza mgongo wangu unaendeleaje. Anasema, "Nipe Dachesi." Naenda bandani, namshikia simu, anaongea naye kizungu, mwenzake anasimamisha masikio. Mwaka jana nilijipanga. Niliandika kwenye karatasi: pumba, chanjo, dawa ya minyoo, daktari wa usiku ule, neti. Nikasubiri wamalize kusalimiana. Nikakohoa kidogo, nikasema, "Bosi, kuna kajambo," nikainua karatasi.

Dachesi akasogeza mdomo, akakata simu. Halafu akala karatasi.