Pikipiki ya zamani ikikataa kutoa moto: usake orijino, ununue kopi ama uhamie CDI?

Hapa Malindi ukipita kwa mafundi wa pikipiki, iwe Maweni ama Barani, mbele utaona Boxer na TVS zimepangwa zinangoja kuchapwa kazi, lakini angalia kule nyuma karibu na ukuta, hukosi Yamaha DT ya mwanzo ama Honda CG125 ya zamani ama skuta ya Vespa imefunikwa turubai, na ukiuliza mbona haitembei jibu ni lile lile, haitoi moto, yaani cheche ya plagi, na spea hakuna. Mimi hilo la spea hakuna silikubali. Spea ziko. Kinachoziangusha hizi pikipiki ni ubishi wa makundi mawili, wa kwanza wanaosema lazima ipate spea ya kampuni iliyoiunda hata kama ni kuagiza Japani na kungoja, na wa pili wanaosema ng'oa yote hayo utie CDI ya bodaboda, kile kiboksi cha elektroniki cha kutoa cheche, umalize maneno.

Nimewasikiliza wote wawili na kila mmoja ana pointi zake, lakini naona wanachukua vitu vinne vya tabia tofauti wanavihukumu kama kimoja. Kontakti, kondensa, koili na plagi havifi kwa njia moja, kwa hivyo haviwezi kununuliwa kwa njia moja.

Kwa wale waliozoea pikipiki za sasa, hizi za zamani zinakata umeme wa koili kwa vibati viwili vidogo vinavyogusana na kuachana, hizo ndo kontakti. Vikiachana tu, nguvu ya sumaku ndani ya koili inaporomoka ghafla, volti zinapanda kuwa maelfu na plagi inapiga cheche. Kondensa kazi yake ni kumeza ule umeme ambao ungerukia katikati ya vibati wakati vinaachana. Bila kondensa nzima, cheche ya plagi inakuwa hafifu na kontakti zinaungua mbio sana.

Sasa anza na kontakti, manake hapa wale wa orijino wana haki kabisa. Kontakti iliyoundwa miaka ya 1980 na ikakaa kwenye pakiti yake haijaharibika kwa kukaa, sana sana uso wake umepata ukungu kidogo, unapitisha msasa laini halafu karatasi safi kavu kutoa vumbi na inafanya kazi kama mpya. Kopi ya bei rahisi nayo inaonekana sawa ukiishika mkononi, tatizo liko pale kwenye kile kiguu cha faiba kinachopanda kamu, ile nundu inayozunguka na kuviachanisha vibati, kikiwa laini kinalika upesi na nafasi inajifunga. Pikipiki nyingi za Japani zinataka nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4, kiguu kikilika ikashuka, basi taimingi, yaani wakati wa cheche kupiga, inachelewa, injini inapata joto, nguvu inapungua, na mwenyewe anashinda anafungua kabureta wiki nzima akidhani ni mafuta. Ukishindwa kupata ya kampuni kuna watengenezaji wengine wa Japani kama Daiichi, hizo ni nzuri na siku zote nitachukua hiyo kabla ya kopi isiyo na jina. Na chochote utakachofunga, kile kipande cha feliti kinachogusa kamu kipe grisi kidogo, wengi wanakiacha kikavu halafu wanalaumu spea.

Kondensa ni kinyume chake kabisa. Hapa ndo wapenzi wa orijino wanaumia, tena kwa pesa nyingi, wanalipia kondensa ya miaka 40 iliyofungwa kwenye boksi lake zuri na wanafikiri wamepata dhahabu. Kondensa inazeeka hata ikiwa dukani haijawahi kuona injini. Zile za kale ndani ni karatasi na vifuniko vya mpira, zinavuta unyevu, na sisi tunaishi mahali ambapo unyevu na chumvi viko hewani mwaka mzima, muulize yeyote anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni na Marereni vile chuma kinavyoliwa. Wenye BSA za zamani, pikipiki za Kiingereza, zenye magneto ya Lucas wanalijua hili vizuri, kondensa ya magneto ya aina ya K2F inajulikana kabisa kwa kufa, na wanaozikarabati leo Uingereza wanatia kapasita ya kisasa ndani.

Utaijuaje mbovu? Ngoja jua litue, fungua kifuniko cha kontakti, washa pikipiki uangalie pale vibati vinapoachana. Cheche ndogo ya buluu inayotokea mara moja moja sio neno. Ukiona inawaka nyeupe ama ya manjano mfululizo, kubwa, kondensa imekwisha. Halafu siku nyingine ukitoa kontakti zilizotumika ziangalie kwa karibu, kibati kimoja kikiwa kimeota kilima na mwenzake ana shimo, chuma kimehama upande mmoja kwenda mwingine, hiyo kondensa nguvu yake hailingani na mfumo wako. Dalili nyingine ni ile ya kuwaka vizuri asubuhi, unafika daraja la Sabaki injini imepata joto inakohoa na kuzima, unakaa chini ya mti inapoa, inawaka tena kama hakuna lililotokea. Ingawa hiyo yaweza kuwa koili pia, na ndo maana mita ya kupimia umeme peke yake haitoshi, mita inapima kitu kikiwa baridi na kwa volti ndogo.

Dawa ninayoiamini mimi ni kapasita ya kisasa ya filamu, ya mikrofaradi 0.22 hivi, yenye kuhimili volti 630, aina ya kustahimili mapigo, unaipata kwa wauzaji wa vifaa vya elektroniki Mombasa ama Nairobi kwa pesa kidogo. Usiifunge pale karibu na injini. Ipeleke chini ya tangi karibu na koili ambapo kuna upepo, na waya wa athi, ule unaokwenda kwenye bodi, uwe mfupi na umekaza kwenye chuma safi kisicho na rangi. Wale wa orijino watasema umeharibu pikipiki. Hujaharibu, ile ya zamani iache palepale imekatwa waya, mtu akitazama haoni tofauti yoyote, na wewe unafika Mambrui na kurudi.

Koili iko katikati. Kopi nyingi za koili zinafanya kazi sawa sawa kama umelinganisha namba, na namba yenyewe ni ohm za upande wa kuingilia. Koili ya betri ya volti 12 ya mfumo wa kontakti inasoma ohm 3 hadi 5 hivi. Koili ya CDI ya bodaboda inasoma chini ya ohm 1. Kwa macho zote ni kitu cheusi chenye waya mnene, hata matundu ya skrubu yanaweza kuingiana, lakini piga hesabu, volti 12 kwa ohm 4 ni ampea 3, volti 12 kwa nusu ohm ni ampea 24, kontakti gani itabeba hiyo? Inaungua. Na bado kuna zile za volti 6, ambazo ni nyingi katika hizi pikipiki kongwe. Kwa hivyo mtu akikwambia "hii koili inaingia pikipiki zote" chukua mita upime mbele yake, na ile ya zamani uende nayo mkononi.

Plagi sina mengi. NGK D8EA ya CG ina nyuzi za milimita 12, B8ES za milimita 14, na kumbuka kwa NGK namba ikipanda plagi ni baridi zaidi, yaani inatoa joto upesi, lakini kwa Champion ni kinyume, mtu akibadilisha kampuni kwa kufananisha namba anakosea. Feki ni nyingi na unaziona ukitulia, nyuzi zina makwaruzo, kile kibati cha juu hakikukaa katikati, maandishi yanafutika kwa kidole. Zenye herufi ya R zina ukinzani ndani, mita isome elfu kadhaa za ohm, ikisoma karibu sifuri umeuziwa kitu kingine. Na tutenganishe mambo hapa, feki ni kitu kilichoiba jina la mtu, Kenya ina sheria ya bidhaa bandia ya 2008 na mamlaka yake kwa ajili hiyo, lakini kopi yenye jina lake yenyewe haikuiba chochote, ni rahisi tu, na zingine ni nzuri. Kuna watu wanachoma kila kitu kilichotoka China na India kwa moto mmoja na hilo si haki. Royal Enfield ziliundwa India tangu 1955, Bajaj waliunda Vespa kwa leseni ya Piaggio tangu 1960 na baadaye Chetak yao wenyewe, Yamaha RX100 iliundwa kule kuanzia 1985 hadi 1996, kwa hivyo ukitafuta spea za mashine hizo India unatafuta kwenye nyumba yao ya pili.

Haya, tuje kwa CDI. Vijana wanaoitetea hawasemi upuuzi. CDI haina vibati vya kulika wala vya kushika kutu, taimingi haihami, kiki moja inatosha, na spea za bodaboda utazipata Gede, utazipata Ganda, utazipata Marafa siku ya Jumapili. Kwa CG ndo rahisi zaidi kwa sababu Wachina waliiga injini hiyo hiyo ya Honda iliyotoka 1976 wakaiunda kwa mamilioni, ingawa bado lazima upime flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku, inavyokaa kwenye shafti, mteremko na ufunguo wake, kabla hujalipa. Mtu anayebeba maziwa ama makuti kila siku kwa pikipiki ya zamani, mimi nitamwambia ahamie CDI bila wasiwasi.

Lakini kuna bei ambayo hawaisemi. Kontakti inakufa polepole na inakupa ishara, na ukikwama njiani unaisafisha kwa kipande cha karatasi unafika nyumbani. CDI imezamishwa kwenye gundi ngumu, ikifa imekufa hapo hapo, hakuna fundi wa kuifungua. Halafu kuna za AC zinazotaka volti mia na zaidi kutoka koili maalum ya magneti, na kuna za DC zinazotaka betri, soketi zinafanana na mtu anachomeka ile isiyo yake. Zile seti za elektroniki za maana za kubadilishia kontakti, kama Boyer Bransden za Uingereza ama Pazon za New Zealand kwa pikipiki za Kiingereza, ni kazi safi, ila Boyer betri ikishuka inaanza kuvuruga cheche, na betri kwa joto letu hili hazikai.

Kinachoniuma ni kitu kimoja, watu wakihamia CDI wanauza sahani ya kontakti na flaiwili ya zamani kwa skrapu, kwa kilo. Jamani, msifanye hivyo. Hiyo sahani haiundwi tena, kesho mtu mwingine Watamu anaitafuta usiku na mchana. Ipake oili uifunge kwenye nailoni uweke. Na waya usikate, tumia soketi, ili mwenye kutaka kurudisha arudishe.

Tena kabla ya kununua lolote kuna jaribio la dakika moja ambalo lingeokoa pesa za wengi. Kwenye Honda za magneti, zile zinazotoa moto bila kutegemea betri, waya mweusi wenye mstari mweupe ndo wa kuzimia, unazima kwa kwenda kwenye athi, yaani waya wa kijani. Swichi ya funguo ikila kutu ndani, kama zinavyokula kutu zote hapa pwani, inaweza kushikilia huo waya kwenye athi hata funguo ikiwa imewashwa. Chomoa waya huo kutoka kwa swichi, piga kiki. Moto ukirudi, koili yako haina kosa, nunua swichi tu, ila usinunue ya pikipiki ya betri ukaifunga hivi hivi, manake hizo zinazima kwa kukata, hazizimi kwa athi.

Na koili ya ndani ya magneti ikiungua, ile inayozalisha umeme, kabla hujaagiza ng'ambo mpelekee fundi anayesuka mota za pampu. Anachohitaji ni kuhesabu mizunguko wakati anafungua ile ya zamani, waya wa unene ule ule, na vanishi ya kuhimili joto la injini, hiyo ya mwisho ndo wengi wanaruka na koili inakufa tena. Mafundi hawa tunao mjini, wanasuka feni na mashine za maji kila siku, kazi hii wanaiweza.

Kwa kuagiza, uzuri wa spea hizi ni wepesi, mfuko mzima wa kontakti na kapasita hauzidi mkate kwa uzito, lakini ukiagiza moja moja nauli na ushuru na VAT ya asilimia 16 vinazidi bei ya kitu. Wenye CG waungane, wenye DT waungane, waagize pamoja. Wenye Vespa wana bahati zaidi, Wataliano wengi wa hapa huondoka masika ikianza na kurudi Julai na Agosti ama Disemba, na begi lina nafasi. Lakini usimpe mtu jina la pikipiki tu ukangoja muujiza, mpe herufi na namba zilizopigwa kwenye bodi, kama VBB ama VNB, manake kontakti za Vespa mbili zinazofanana kwa macho zaweza kutofautiana. Mwenye Honda ampe namba ya spea yenyewe, ya kontakti mara nyingi huanza na 30202, ya kondensa 30250, ya CDI 30410, na tarakimu zinazofuata ndo zinasema ni ya modeli gani, hizo ndo asikosee kuziandika.