Flashi Ichunguzwe Kabla ya Bodi

Mwezi uliopita binti wa jirani yangu hapa Sinza aliniletea kompyuta mpakato ambayo fundi mmoja wa Kariakoo alikuwa amekwisha kuitolea hukumu kwamba bodi, yaani ubao mkuu unaounganisha vipuri vyake vyote, imekufa. Ushahidi wa fundi huyo ni kuwa alichomeka flashi ya kupigia Windows, akawasha mara tatu, na kila mara skrini ikaleta ujumbe kwamba hakuna kifaa cha kuwashia. Ushahidi huo hautoshi hata kidogo, kwa sababu mashine inayoweza kuwasha skrini, kutambua kibodi na kuandika ujumbe imeshaonyesha kwamba sehemu kubwa ya bodi yake ni nzima.

Ninashikilia kwamba flashi ndiyo ya kushukiwa kwanza, na ijaribiwe kwenye kompyuta nyingine kabla bisibisi haijaguswa. Ile ya fundi nilipoifungua nilikuta faili moja tu la ISO, yaani faili linalobeba diski nzima ya kusakinishia, lililonakiliwa kama mtu anavyonakili wimbo. Faili la namna hiyo likiwa peke yake haliwashi kompyuta. Sharti liandikwe kwa programu kama Rufus, ambayo hulifumua na kuyapanga yaliyomo mahali mashine inapoyatafuta.

Niliiandika upya, kompyuta ikakataa tena, na kosa safari hii lilikuwa langu, kwani nilikuwa nimechagua mtindo wa bayosi ya zamani, ile programu ndogo ya ndani ya bodi inayoiamsha kompyuta. Bayosi ilikuwa ikisoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, na kutekeleza ilichokikuta humo. Kompyuta nyingi za sasa hutumia UEFI, mrithi wa bayosi, ambayo huiacha sekta hiyo na kutafuta faili liitwalo BOOTX64.EFI ndani ya folda ya EFI, kwa kawaida kwenye sehemu iliyofomatiwa kwa mpangilio wa mafaili uitwao FAT32. Kwa hiyo flashi iliyo sahihi kabisa kwa mashine ya mwaka 2008 inaweza kuonekana tupu mbele ya mashine ya leo, ingawa flashi na mashine zote ni nzima.

Kuna pia wanaokimbilia kuzima Secure Boot, kinga inayozuia kompyuta kuwashwa na programu isiyoidhinishwa, kila flashi inapogoma. Hapo ninaomba tahadhari kubwa, kwa kuwa ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data kwa msimbo, badiliko hilo linaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48, na mteja asiyejua ufunguo huo umehifadhiwa wapi hataziona tena kazi zake. Aulizwe kwanza. Swali hilo huchukua dakika moja, nami sioni sababu ya fundi yeyote kuliruka.

Diski ya binti huyu haikuwa imefungwa. Nilipoiandika flashi kwa mtindo wa UEFI na kuichagua kwa kubonyeza F12 (kompyuta nyingine hutumia F9 au Esc), ukurasa wa kusakinisha Windows ukafunguka, kwa bodi ileile iliyosemwa imekufa. Sikusakinisha papo hapo. Nilibonyeza Shift pamoja na F10, dirisha la amri likafunguka, nikanakili kwanza utafiti wake wa chuo kwenye diski ya nje, folda moja baada ya nyingine, mwenyewe akiwa amekaa pembeni anahakiki majina ya mafaili.