Tatizo Si Paneli, Jamani

Jana tena. Mtu kaleta kundini picha ya ripita yake ya jua, kile kisanduku cha mlingotini kinachopokea ujumbe wa redio na kuusogeza mbele bila mtandao wa simu. Ilikata roho baada ya siku mbili za mawingu, akaomba ushauri. Dakika kumi hazijaisha, majibu yakawa yaleyale: weka paneli kubwa, ongeza betri. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza humo kisandukuni kuna chipu gani.

Najua ugonjwa huo kwa sababu niliuugua. Ripita yangu ya kwanza ilikuwa na chipu ya ESP32, betri moja ya lithiamu ya saizi ya 18650 na kipaneli kidogo. Ikazima. Nikapanda ngazi, nikabadilisha paneli. Ikazima. Nikapanda tena, nikaongeza betri. Mwishowe dude likawa zito kama gunia, na upepo ukivuma ile paneli inajaa kama tanga, mlingoti mzima unainama.

Sasa tufanye hesabu ya watoto wa shule. ESP32 inayosikiliza usiku na mchana hula karibu miliampea 100. Zidisha kwa saa 24, unapata 2,400. Betri nzuri ya 18650 ina miliampea-saa 3,000 hivi. Siku moja na robo, kwisha habari! Chukua chipu nyingine, nRF52840, inayokula miliampea 10 au pungufu: 240 kwa siku. Betri ileile inavuka siku 12 bila kuliona jua. Paneli ya wati 1 ikipata saa nne za jua kali inamshibisha huyu na chenji inabaki. Yule mwingine anataka zaidi ya mara mbili ya hapo, na bado atalia njaa. Redio yenyewe ya LoRa, ile ya masafa marefu inayobeba ujumbe, ikisikiliza haili chochote cha kutisha, miliampea chache tu. Mlafi ni ubongo ulioundwa kwa ajili ya Wi-Fi. Huko juu nani ataunganisha Wi-Fi, kunguru?

Haya, nakubali: ESP32 ni rahisi na inapatikana kila mahali. Mezani, kwenye umeme wa ukutani, sina ugomvi nayo.

Mengine hayana mjadala mrefu. Urefu wa mlingoti unashinda nguvu ya kurushia. Toboa kisanduku kwa chini, umande upate pa kutokea. Usiwashe redio kabla ya kufunga antena. Na wewe uliyeweka kifaa dirishani, nyuma ya pazia, ukakipa cheo cha ROUTER, yaani msambazaji mkuu, kwenye Meshtastic, programu inayoendesha redio hizi: ujumbe kwa kawaida una miruko mitatu tu ya kutoka kifaa hadi kifaa, nawe unaula mmoja ili ufike jikoni kwako. Hongera.

Nina hasira, ndiyo. Usiku ule wa dhoruba simu zote zilikosa mtandao, mtaa ukawa giza tupu. Nilikaa na kile kiredio mkononi kama mjinga. Saa nane na kitu kikalia. Jirani, mzee anayeishi peke yake: "Mti umeangukia ukuta. Mimi mzima. Wengine mko salama?" Ujumbe huo ulipita kwenye kisanduku chenye kipaneli cha wati 1, baada ya siku tano bila jua. Sikuwa nimekipandia ngazi kwa miezi.

Ile paneli kubwa? Iko stoo. Anayeitaka aje aichukue, ila aje na chipu yake niione kwanza.