Ile Nusu Mliyoiona Ni Yangu

Kwa kuwa video imekwisha kufika Koboko, na shemeji yangu aliyeko Kampala ameletewa na watu wawili wasiofahamiana, sioni tena faida ya kunyamaza. Naam, ile nusu ya mtu inayoning'inia nje ya banda la kuku, miguu ikipiga hewa na kaptura ya kijani ya timu ya soka ya Onduparaka ikiwa hadharani, ni yangu. Nusu ya pili ilikuwa ndani, mahali ambapo rafiki yangu aliyekuwa akirekodi hakuweza kuiona, na kwa hiyo maelezo aliyoyaambatanisha, kwamba "jamaa anaswa akiiba mayai ya mke wake", ameyatunga mwenyewe. Mayai sikuyagusa. Yalinigusa yenyewe, na hilo nitalifikia.

Wanaonifuata hapa wanaijua vita yangu na nguchiro. Mnyama huyo, mwenye mkia mrefu na adabu fupi, alikuwa akiingia uani kwetu hapa Arua mchana kweupe, akila mayai kwa utulivu na kuondoka bila haraka. Mwewe nilimweza kwa kutandaza wavu juu ya sehemu ya vifaranga, ugonjwa wa kideri niliuweza kwa chanjo, hata yule jogoo wetu wa aina ya Kuroila tuliyempa jina la Afande nilikwisha kujifunza kumpisha njia. Nguchiro alinishinda, ndipo nikaamua kutafuta mbwa.

Mke wangu alinishauri mapema. "Baba watoto," alisema, "si uchukue mtoto wa yule mbwa wa jirani wa bondeni? Mama yake anashinda na kuku, wanamkanyaga mgongoni na wala hafungui jicho." Ulikuwa ushauri wa busara, tena usio na gharama yoyote, na kwa sababu hizo mbili ukanikera. Mimi nilitaka mbwa mwenye ukoo. Nilikuwa nimesoma habari za Namibia, ambako tangu mwaka 1994 wafugaji wamekuwa wakipewa mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki ili walinde mbuzi na kondoo wasiliwe na duma. Kwamba mbwa wale huwekwa pamoja na mbuzi wakiwa bado wadogo sana nilikusoma pia, ila nilikusoma baada ya pesa kutoka mfukoni.

Aliyenitoa pesa hizo ni mfanyabiashara mmoja wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka. Alinionyesha mbwa mwenye rangi ya udongo mwekundu, kifua cheupe, masikio yaliyosimama, mkia uliojikunja juu ya mgongo, na makunyanzi kwenye paji la uso yaliyomfanya aonekane yumo katika mawazo mazito. "Huyu habwekaka, papa," aliniambia kwa Kiswahili chao cha Kongo, na katika hilo hakunidanganya hata kidogo. Alikuwa wa jamii ya mbwa wa misitu ya Kongo ambao Wazungu huwaita Basenji. Hawabweki wanavyobweka mbwa wengine, hujisafisha kwa kujilamba mwili mzima, na wawindaji huwatumia kuwafukuza wanyama hadi waingie kwenye nyavu. Kwa kuwa kazi hiyo huifanya bila sauti, huvishwa kengele ya mbao shingoni ili wenyewe wajue walipo. Muuzaji alitaka kuniuzia kengele hiyo kwa nyongeza ndogo tu, nami nikaikataa nikidhani ni pambo. Naomba muikumbuke hiyo kengele, na zile nyavu pia msizisahau.

Nilimwita Kimya. Mwanzoni alikaa upande wake wa waya, akiwatazama kuku kwa muda mrefu bila kupepesa macho. Mtazamo ule nilimwambia kila mtu kuwa ni mapenzi.

Sasa, mtu wa kawaida angengoja. Mimi nilitangaza mafunzo. Nilikialika kikundi cha akina mama wa mtaani wanaoweka akiba pamoja, waje Jumamosi wajionee jinsi kuku na mbwa wanavyoweza kuishi uani kwa amani, na tangu tangazo lile walianza kuniita mwalimu, cheo ambacho sikujitahidi sana kukikanusha. Alikuja pia jirani yangu Hajji, aliyesimama mbali chini ya mwembe akiwa ameushika mwavuli uliofungwa mbele ya kanzu yake, kwa sababu kuku anawapenda lakini mate ya mbwa hayataki kwenye nguo ya swala. Na alikuja rafiki yangu yule, pamoja na simu yake.

Somo lilianza vizuri, na nasema hivi nikijua kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyeletewa video ya sehemu hiyo. Nilieleza kwamba mbwa hamchukii kuku. Kinachomwasha ni kitu kinachokimbia na kupiga mabawa, na ndiyo maana kuku aliyetulia huachwa na kuku mwenye papara hufukuzwa. Nilieleza kwamba mbwa hujifunza kuwazoea viumbe wengine kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 14 ya umri wake. Mama mmoja mwenye daftari aliuliza huyu wangu ana umri gani, nikamwambia kuwa hilo ni swali zuri, nikaendelea. Nikafika kwenye hatua ya kamba: mbwa ashibishwe, achoshwe kwa matembezi, kisha aletwe kati ya kuku akiwa amefungwa, na kamba ifungwe kwenye mkanda wa mfugaji ili mikono yote miwili ibaki huru. Mikono yangu ilikuwa huru kabisa. Nilikuwa nikiitumia kufafanua, huku nimempa Kimya mgongo, wala hapakuwa na kengele ya kuniambia kwamba amekwisha kuinama.

Hapa naomba twende polepole, kwa sababu video imekwenda mbio mno.

Kwanza, kuku mmoja alikimbia. Pili, wote wakakimbia. Kimya hakumng'ata hata mmoja. Alizunguka nyuma yao kwa ustadi ambao hata katika uchungu wangu siwezi kuukana, akawakusanya na kuwaelekeza kwenye ubao unaopanda hadi kilango cha banda. Banda langu limeinuliwa juu ya miguu ya mbao, na kilango chenyewe kiko usawa wa paja. Wakati wa kukitengeneza, fundi aliniuliza, "Hapa watapita kuku tu?" Nikamjibu, "Kuku tu." Kuku wakaingia. Afande, ambaye sikuwahi kumwona akimkimbia mtu, akaingia. Kimya akaingia nyuma yao, na ile kamba iliyofungwa kwenye mkanda wangu ikakakamaa.

Nilipiga hatua ndefu za mtu anayejaribu kuonyesha kwamba amekusudia kukimbia. Ya mwisho ilitua ndani ya chombo cha kunyweshea kuku maji. Nikapaa, mikono mbele, na kichwa kikaifuata. Mabega yalipita kwa sababu mikono ilikuwa imetangulia. Tumbo halikupita kwa sababu ni tumbo. Nikasimama hapo kama kizibo kwenye shingo ya chupa, na mwanga wote uliokuwa ukiingia bandani ukakatika, kwa maana mwanga huo ulikuwa ukipitia kwenye nafasi ambayo sasa nilikuwa mimi.

Macho yalipozoea giza, niliona kwamba niko uso kwa uso na kuku anayeatamia. Ni yule mweusi, mama wa mayai yaliyokaribia kabisa siku ya 21, ambaye kwa kawaida hatoki kiotani ila mara moja kwa siku kula na kunywa, na ambaye hajawahi kupenda wageni. Alianza kujitanua, unyoya baada ya unyoya, hadi akajaa kiota chote. Akatoa ile sauti nzito ya kooni ambayo kila mfugaji anaijua. Mikono yangu ilikuwa imezama kwenye maganda ya kahawa niliyoyatandaza sakafuni, nami sikuweza kuiinua bila kushukia pua. Alinitazama kwa jicho moja, akageuza kichwa, akanitazama kwa la pili. Kisha akanidonoa puani. Hakuwa na haraka. Alidonoa, akapima matokeo, akadonoa tena mahali palepale. Katika purukushani hiyo yai moja liliviringika kutoka kiotani, likaja taratibu hadi chini ya kidevu changu, likakaa hapo. Hilo ndilo yai ninaloshtakiwa nalo.

Kimya je? Kimya alikuwa ameketi kando ya sikio langu, akijilamba mguu. Kazi yake ilikuwa imekamilika: wanyama wote walikuwa wavuni, mimi nikiwemo.

Nje, kwa muda, palikuwa na ukimya wa heshima. Kisha nikaisikia sauti ya mama mwenye daftari, ikiwa imejaa nia njema: "Mwalimu, hii ndiyo hatua ya nne?" Na kabla sijajibu, mwingine akauliza, "Na sisi wenye miili mikubwa tufanyeje?" Nilijaribu kueleza kwamba mlango mkubwa umefungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwenye kikapu cha mke wangu sokoni, lakini mtu anayezungumza akiwa ameinamisha pua kwa hofu ya kuku haeleweki vizuri. Ndipo Kimya, aliyestushwa na sauti yangu, akaruka kuelekea kona ya mbali. Kamba ikavuta mkanda, kifungo cha mkanda kikakatika, na mkanda wote ukaondoka naye.

Hajji, kutoka mwembeni, aliona kwamba sasa lazima hatua zichukuliwe. "Mvuteni!" aliamuru. "Mshikeni suruali mvute!" Vijana wawili watiifu wakashika pindo za suruali, mmoja huku na mmoja huku, wakavuta kwa nguvu zao zote. Walifanikiwa. Suruali ilitoka. Mimi nilibaki. Hapo ndipo video yenu inapoanza, na wale mashabiki mnaonishukuru kwa kuitangaza timu, ujumbe wenu nimeupata.

Yaliyobaki hayana maana. Walinishika vifundo vya miguu nikatoka pamoja na ubao mmoja, mke wangu akarudi na ufunguo, hakuna kuku aliyekufa, yai lile lilirudishwa kiotani na sasa ni kifaranga, nguchiro ameonekana tena, Kimya anakula vizuri na ana kengele. Mtoto wa yule mbwa wa bondeni amekwisha kuletwa pia. Jana Afande alimpanda mgongoni, naye hakufungua jicho.

Fundi alikuja asubuhi kurekebisha kilango. Mke wangu alimwambia akitanue, kwa kuwa hana imani kwamba jambo hili limekwisha, naye fundi akaitoa futi yake na, kabla hajaugusa ubao wowote, akaniomba niinue mikono anipime kiuno.