Maneno 100, Hata Moja Lisizidi

Hadithi ya maneno 100 kamili, si 99 wala 101, ilipata umbo lake miaka ya 1980 nchini Uingereza, kwa wapenzi wa hadithi za kisayansi katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Sasa hata kwa Kiswahili wapo wanaoandika hivyo, na ubishi umeanza: je, sharti hili linajenga au linabana?

Wanaolitetea wana hoja nzito. Mtu akiandika, "Mama alikuwa na huzuni kubwa sana kwa sababu ya kifo cha mwanawe," ametumia maneno 12 na hajatuonyesha kitu. Mbane, huenda akapata hii: "Tukabaki wanne, mama bado anapakua sahani tano." Maneno 7. Huzuni haikutajwa, lakini imejaa meza nzima. Tena sisi ni watu wa mizani. Mshororo wa utenzi una silabi 8, wa shairi la kawaida 16, na washairi wetu wamesema humo mambo makubwa kwa karne nyingi.

Wapinzani nao wanasema ufupi huu unazaa mitego mitupu. "Walimzika Jumatatu. Jumanne akapiga simu." Unashtuka, basi. Marehemu hukumjua, hata aliyepokea simu humjui. Ni kweli, ukisoma tatu za namna hiyo mfululizo, ya nne huwezi kuimaliza kwa hamu. Ila kosa hilo ni la mwandishi zaidi kuliko la ufupi. Mwaka 1959 Augusto Monterroso wa Guatemala alichapisha hadithi ya maneno 7 ya Kihispania: mtu anaamka, dinosaria bado yupo. Hadi leo wasomaji wanaijadili.

Kinachonisumbua mimi ni hesabu yenyewe. Kwa Kiswahili hadithi hiyo inatosha katika maneno manne: "Alipoamka, dinosaria bado alikuwapo." Kitenzi chetu kinabeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, "tungalimpokea" ni neno moja. Lakini "mtoto wa dada wa jirani" ni matano, na mawili kati yake ni "wa". Kwa hiyo anayesimulia matendo anapata nafuu, anayetaja ukoo na mahali anaumia. Ndipo waandishi wanapoanza kung'oa "wa" na "ya", na hadithi inakauka kama telegramu. Mizani haina dosari hiyo, maana huhesabu silabi, kitu ambacho sikio linakisikia.

Kwa hiyo ukomo naukubali kwa moyo wote, ila ukamilifu wa hesabu siukubali. Aliyemaliza hadithi yake kwa maneno 83 asilazimishwe kubandika 17 zaidi. Viraka hivyo hujulikana upesi: "sana", "kabisa", "ghafla". Waandaaji wa mashindano waandike "isizidi maneno 100", na majaji waisome kwanza kwa sauti kabla ya mtu yeyote kuanza kuhesabu.