Kiapo cha upande mmoja

Rapa akiamua kuimba uaminifu katika mapenzi, kwa kawaida anayetahiniwa ni mwanamke. Mwaka 2003, 50 Cent na Nate Dogg walitoa "21 Questions", swali juu ya swali: nikifilisika utabaki, nikifungwa nitakutegemea? Wimbo mtamu, ila muulizaji mwenyewe haulizwi kitu. Method Man na Mary J. Blige walikuwa wamewatangulia mwaka 1995 kwa kazi bora zaidi. Walichukua "You're All I Need to Get By", wimbo wa Marvin Gaye na Tammi Terrell wa 1968, wakaufanya wa kupokezana: mwanamume anaahidi, mwanamke naye anaahidi. Grammy ya 1996 ilikuwa haki yao.

Kampala naona wengi wanaiga ule wa maswali. Ndiyo maana unasikia risasi na kifungo kutoka kwa kijana ambaye hata lango la gereza la Luzira hajaliona. Hapa kwetu uaminifu unajaribiwa kwingine. Mchumba yuko Uarabuni kwa mkataba wa miaka miwili, anatuma pesa kwa simu ili kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ifanyike. Aliyebaki mtaani Ntinda, hapa Kampala, anazila na nani? Hilo linatosha ubeti mzima, na safari hii anayebanwa ni mwanamume.

Kwenye biti ya mapigo 90 kwa dakika, mistari 16 ya ubeti, kila mmoja mapigo manne, inakwisha kwa sekunde 43 hivi, basi usizipoteze kwa kuapa. Minne ya kwanza iweke mahali na mkataba. Swali lizuke kabla ya mstari wa tisa, maana likichelewa kiitikio kinalimeza. Minne ya mwisho mwachie aliye mbali ajibu, tena arapu, asiitwe kuja kupamba kiitikio tu.

Vina navyo. "Moyo wangu, roho yangu, mpenzi wangu" havina jasho: mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo sikio linapokea "-angu" ile ile mara tatu. Mkataba, haba, baba: hayo ni maneno matatu yasiyo ndugu, na kina kimekaa.

Kasoro inayoniudhi kuliko zote ni kiitikio kuapa "wewe peke yako" huku ubeti wa pili ukihesabu wasichana wa klabu, eti wimbo uchezwe Ijumaa. Kata ubeti huo. Au uache, kisha ugeuze kiitikio kiwe ungamo, kama Jay-Z alivyojipandisha kizimbani mwenyewe kwenye "4:44" mwaka 2017.