Vyanzo vitano, mvua moja

Juzi nilikaa kwenye semina tangu saa tatu mpaka saa saba, mtaalamu akiwaasa wakulima wasitegemee kilimo peke yake. Alikuja na mchoro wa duara, vipande vya rangirangi kila chanzo cha kipato na chake. Mama aliyekaa mbele yangu alikuwa na udongo kwenye kucha: alikuwa ameshapalilia ngwe nzima ya mtu mwingine alfajiri, kwa ujira, ndipo akaja kuelimishwa kwamba atafute kipato cha ziada. Akasinzia. Namwelewa.

Jamani, ni mkulima gani mdogo anayeishi kwa jembe tupu? Anafuga, anachoma mkaa, anasuka vikapu, kiangazi anafyatua matofali. Kibarua nacho kina machungu yake, maana siku za kupalilia kwa mwenzio ndizo hizo hizo za kupalilia kwako, na magugu hayasubiri ulipwe.

Kinachonichoma ni huku kuhesabu vyanzo bila kuuliza vyote vinakunywa kisima kipi. Ukame ukaingia. Shamba limekwisha, haya, kibarua kipo? Nani akulipe upalilie vumbi? Mbuzi wapo, ila na jirani anao, na kijiji cha pili wanao, na wote wamewaswaga mnadani siku moja. Mnunuzi anapita akiminya mbavu zilizotokeza, anataja bei anayotaka yeye, na hiyo hiyo unaipokea kwa sababu gunia la nafaka linapanda kila wiki. Duka dogo la mlangoni? Wateja wake ni wakulima, sasa wanakopa. Mkaa? Kijiji kizima kimeingia msituni. Vyanzo vitano vimekauka mwezi mmoja! Lile duara lingepakwa rangi moja tu likaisha.

Pesa isiyoijua mvua ya kijijini hutoka mbali: kwa mtoto aliyepata kazi mjini, kwenye pensheni ya babu, kwenye mshahara wa mwalimu mmoja wa ukoo. Ndiyo maana mzee anauza ng'ombe alipe ada, na wajuaji wanamcheka kwamba kauza mtaji. Mzee kauhamisha mtaji mahali ukame usipofika, basi.

Haya, nikiri kwa shingo upande: somo la kuku lilikuwa zuri. Mdondo, ule ugonjwa unaoua kuku, ukipita kijijini unaweza kuamka banda liko kimya, na kinga yake ni tone la chanjo jichoni kila baada ya miezi 3. Somo hilo likapewa dakika kumi za mwisho, watu wameshaanza kukusanya kanga na kofia.

Mtaalamu akauliza kama kuna swali. Yule mama akaamka, akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu, posho ya leo tunasainia wapi?"